Makaro yetu na mvua hizi

Habari za jioni majirani. Vuli imeanza, naomba niliseme hili mapema. Kutapisha choo, yaani kufungulia karo (shimo la maji taka ya choo) uchafu utoke na maji mvua ikinyesha, ni kosa, na faini ipo. Huku kwetu mlimani Mwanza chini ni mwamba, ardhi hainywi maji. Ukifungulia, uchafu unashuka kwa jirani wa bondeni, unaingia Mto Mirongo, kisha Ziwa Victoria, na ziwa hilohilo ndilo tunalokunywa, chanzo kipo pale Capri Point. Mwaka jana mama mmoja wa chini aliamka akakuta kinyesi cha watu mlangoni, naye ana kichanga. Iliniuma sana.

Karo lisisubiri kufurika. Tope likifika theluthi ya kina, ita gari la kunyonya, na umuulize dereva kibali na anakokwenda kumwaga. Mfuniko uonekane, tafadhali msiumwagie zege. Pampasi, pedi na mafuta ya kukaangia visiingie chooni. Anayetaka kuchimba karo jipya aanzie kwa bwana afya wa kata.

Wa nyumba za juu ambako gari halifiki, niandikieni leo tuchangie mpira mrefu wa kunyonyea.