Kabla hamjaikodisha nyumba ya Malindi

London

Mdogo wangu,

Asalaam aleikum. Huku baridi tu, sote wazima. Mama mbusie mkono.

Umesema yupo mtu anaitaka nyumba ya Malindi, hapo Mji Mkongwe Unguja, na yuko tayari kulipa miezi sita mbele. Msizigawe pesa hizo bado. Nyumba ni mirathi, si yangu wala yako, kwa hivyo tuandikiane kwanza sote wanne nani anapokea kodi na inagawiwa vipi. Tuseme ni 300,000 kwa mwezi. Usihesabu miezi 12, hesabu 11, kwani mpangaji akihama nyumba hukaa tupu huku mpiga rangi na dalali wanahangaika. Hiyo ni 3,300,000. Toa 900,000 ya matengenezo, zisiguswe hata kwa harusi. Zinabaki 2,400,000. Thumuni ya Mama, yaani moja ya nane yake ya mjane, ni 300,000. Zilizobaki ni mafungu matano, mwanamume mawili, mwanamke moja: mimi na wewe 840,000 kila mmoja, dada 420,000. Ndogo, najua.

Tena gaweni kila mwezi unapokwisha. Mtu akilipa miezi sita akaondoka wa tatu, atadai chake, na nyinyi mumeshakula.

Sasa nyumba yenyewe. Fundi atakwambia kuta zinamomonyoka, zipigwe saruji. Usikubali. Kuta zile ni mawe na chokaa, zinanyonya unyevu kutoka chini na kuutoa nje kwa kupumua. Ukizifunika saruji, maji yanabaki ndani, yanapanda juu zaidi, chumvi inasukuma plasta, na baada ya masika mbili tatu inaanguka vipande vipande pamoja na rangi yako mpya. Plasta iwe ya chokaa, na rangi iwe chokaa vile vile, si ya mafuta. Inachukua muda mrefu kukauka na fundi atanung'unika. Mwache anung'unike.

Boriti hazifi katikati, zinafia kwenye ncha, pale zinapoingia ukutani, na hasa chini ya choo cha juu. Chukua bisibisi uidunge kila ncha. Ikigoma, salama. Ikizama kama kwenye mkate, boriti hiyo ibadilishwe, lakini uzibe kwanza bomba linalovuja, la sivyo utabadilisha tena. Na tangi la maji usilipandishe juu: lita 1,000 ni tani nzima juu ya miti ya mikoko. Liweke uani na mota ya kupandisha maji, juu kaa na dogo tu. Kama utagusa dirisha, mlango au ngazi, pita Mamlaka ya Mji Mkongwe kwanza. Mji umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000, mtu hajiamulii.

Mkataba uandikwe nakala mbili, sheha wa mtaa ashuhudie. Taja tarehe ya kodi, nani anatengeneza nini, notisi ya miezi mingapi, na kwamba hakuna kumpangisha mtu mwengine. Piga picha kila chumba siku ya kukabidhi ufunguo, na mita ya Tukuza, ya umeme wa kulipia kabla, isomwe salio lake mbele ya mpangaji. Wapangaji wakiwa wawili, kila mmoja awe na mita yake. Mita moja kwa watu wawili ni ugomvi wa friji ya nani inakula umeme.

Amana, ile pesa ya dhamana ya mpangaji, ni kitu chengine mbali na kodi. Uingereza huku tangu 2007 mwenye nyumba hulazimika kuilinda kwenye mpango maalumu, siku hizi ndani ya siku 30, hakai nayo kienyeji. Nyinyi ifungulieni akaunti mbali, na dalali mkubaliane mapema nani anamlipa.

Nitumie picha za ncha za boriti za chini ya choo kabla hujampa mtu ufunguo.

Wasalaam,
Kaka yako