Wenye pasi ya Marekani au grinikadi: ripoti ya akaunti za nje

Ndugu wanakikundi, habari za leo. Wengi mnauliza kuhusu FBAR, yaani Fomu 114, ripoti ya akaunti mlizo nazo kwenye benki za nje ya Marekani. Haiendi pamoja na ritani ya kodi. Inajazwa bure kwenye mtandao wa FinCEN, kitengo cha Hazina ya Marekani kinachofuatilia uhalifu wa fedha. Mwisho ni Aprili 15, na ukichelewa unaongezewa muda hadi Oktoba 15 bila kuomba.

Kinachowakwaza watu ni dola 10,000. Ukivuka kiwango hicho unatakiwa kuripoti, nacho ni cha akaunti zako zote za nje kwa jumla, hata kwa siku moja tu ya mwaka. Chukua salio la juu kabisa la kila akaunti, libadilishe kwa kiwango cha Hazina ya Marekani cha Desemba 31, kisha jumlisha. Mfano: ulikuwa na 6,000 Nairobi, ukazihamishia zote akaunti ya Mombasa. Kila moja inahesabiwa 6,000, jumla 12,000. Umevuka, na unaripoti zote mbili.

Tafadhali, waweka saini wa chama, kanisa au shule: akaunti hiyo nayo inaingia, ingawa pesa si zako. Akaunti ya pamoja na mwenzi asiye Mmarekani unaiandika kwa salio lote, si nusu.

FBAR yenyewe haina kodi, ila riba uliyopata inakwenda kwenye ritani. Tunzeni taarifa za benki miaka 5. Kama kuna miaka mliruka, ongeeni na mhasibu anayejua mambo haya kabla hamjapata barua ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani). Njia za kurekebisha huwa nyepesi zaidi kabla ya hapo.