Besi si gitaa lililopunguzwa nyuzi

Mhariri,

Kuna kauli inayosikika kila bendi inapokosa mpiga besi: "Mpeni besi yule mpiga gitaa la rithimu, si ni nyuzi nne tu?" Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niijibu, maana imekwisha kuharibu nyimbo nyingi nzuri, na wanaoitoa si wajinga. Wengi ni wapiga gitaa hodari, na ustadi huohuo ndio unaowaponza. Anayeanza besi akiwa hajui kitu hana mazoea ya kuyaacha. Mpiga gitaa anayo, tena ya miaka.

Niwape kwanza haki yao. Nyuzi nne za besi, yaani E, A, D na G, zina majina yaleyale ya nyuzi nne nene za gitaa, ila zimeshuka oktava moja, yaani noti ni zenye majina yaleyale lakini sauti yake ni ya chini zaidi. Kwa hiyo mpiga gitaa akiishika besi kwa mara ya kwanza anajua tayari noti ya C iko wapi na ya G iko wapi. Leo Fender, mtengenezaji gitaa wa Marekani, alipoingiza sokoni Precision Bass mwaka 1951, freti zilizokuwa shingoni, yaani vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza, ndizo zilizolipa gitaa hilo jina lake la "precision", maana yake usahihi: bonyeza kati ya freti mbili na noti inatoka sawasawa, wala huhitaji kuitafuta kwa sikio kama kwenye besi kubwa ya kusimama. Wapiga gitaa walifunguliwa mlango, na wengi waliingia. Paul McCartney alikuwa mpiga gitaa kabla ya kuchukua besi ya Beatles mwaka 1961. Carol Kaye naye alikuwa akilipwa kupiga gitaa katika studio za Los Angeles kabla ya kuhamia kwenye besi mwaka 1963. Kwa hiyo sisemi kwamba haiwezekani. Nasema walihama kweli, hawakwenda kutembea.

Tuanze na vipimo, maana hivyo havina ubishi. Uzi wa besi ya kawaida, kutoka kichwani mwa shingo hadi kwenye daraja, una urefu wa inchi 34, karibu milimita 864. Gitaa nyingi za umeme zina inchi 25 na nusu, karibu milimita 648. Kutoka freti ya 1 hadi freti ya 4, gitaa linakudai milimita 97 hivi. Besi inadai 130. Mpiga gitaa aliyezoea kidole kimoja kwa kila freti huyatanua makucha yake pale chini, kifundo cha mkono kinapinda, na baada ya nusu saa msuli wa kigasha unawaka moto. Kuchoka si hoja kubwa. Hoja ni kwamba kidole cha mwisho hufika kimechelewa, kikabonyeza mbali na freti, na noti ikatoka na mkwaruzo.

Dawa yake ni ya zamani, nayo ilitoka kwa wapiga besi ya kusimama. Chini ya freti ya 5, tumia kidole cha shahada, cha kati na cha mwisho, huku cha pete kikimsaidia mwenzake wa mwisho kubonyeza. Mkono unashika freti tatu, si nne. Ukitaka ya nne, usinyooshe kidole: sogeza mkono mzima, na gumba lililo nyuma ya shingo liende pamoja nao. Kuanzia freti ya 5 au ya 7 kwenda juu, kutegemea ukubwa wa kiganja chako, unaweza kurudi kwenye kidole kimoja kwa kila freti. Mpiga gitaa akiambiwa hivi huona anarudishwa chekechea. Avumilie wiki tatu, mkono utamwambia wenyewe.

Unene wa nyuzi nao watu huutaja juujuu bila kuutazama. Seti ya kawaida ya besi huanzia unene wa inchi 0.045 hadi 0.105. Seti nyepesi ya gitaa ni 0.010 hadi 0.046. Maana yake uzi mwembamba kuliko wote wa besi unakaribia kulingana na uzi mnene kuliko wote wa gitaa, na mvuto wa kila uzi ni zaidi ya maradufu. Ndiyo sababu ile tabia ya kuuvuta uzi juu kwa kidole ili ulie haifiki mbali kwenye besi.

Sasa mkono wa kulia, na hapa nitakaa kidogo. Wapo wanaosema kupiga besi kwa piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, ni dhambi. Huo ni ushabiki. Carol Kaye aliipiga kwa piki, na besi yake ilikuwa ngumu na safi. Kosa la mpiga gitaa ni nguvu. Anapiga kutoka kwenye kiwiko kama anayekwangua kodi (za muziki, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, si za mapato), na uzi mnene ukipigwa hivyo huruka, ukazigonga freti, ukatoa "ta!" na noti ikafa upesi, kwa sababu nguvu yote imeishia kwenye kugonga. Kisha anadhani sauti haitoshi, anaongeza nguvu, na mlio unazidi kuwa mfupi. Fanya kinyume. Ongeza sauti kwenye amplifaya, punguza mkono hadi uzi uache kugonga freti, halafu anza kuutafuta mlio hapo. Kwa vidole, shahada na cha kati vipokezane bila kuruka zamu, na kila kidole kikimaliza kitue juu ya uzi unaofuata upande wa mwili. Mtakaosema James Jamerson, mpiga besi wa studio za Motown, alitumia kidole kimoja tu cha shahada, ni kweli, lakini kidole hicho kilikuwa kimetoka kwenye besi ya kusimama.

Kuzima nyuzi ndiko kunakowaumbua wengi. Kwenye gitaa nyuzi zikilia pamoja ni kodi, na ni raha. Kwenye besi uzi mmoja unafanya kazi na mitatu inatakiwa kunyamaza, nayo hainyamazi yenyewe. Jaribu hivi sasa kama besi iko karibu. Bonyeza freti ya 5 ya uzi wa E, piga, kisha uzime uzi huo kwa kiganja bila kugusa mingine. Utasikia A inaendelea kulia. Ni uzi wa A ulio wazi: umesikia noti yake ikipigwa na jirani, ukaitikia. Chumbani huoni shida, kwa kuwa noti hiyo ya hezi 55 spika ndogo haiitoi vizuri. Ukifika ukumbini kwenye spika kubwa inageuka ngurumo, fundi mitambo anapunguza besi yote, na wewe unamlaumu fundi.

Kuzima kunafanywa na mikono yote miwili. Ukipiga uzi wa A, gumba la kulia lilale juu ya E. Ukihamia D, gumba lishuke hadi A huku ubavu wake ukiendelea kuigusa E. Ukipiga G, gumba lishuke tena hadi D, na A inyamazishwe na ubavu wa gumba hilohilo. Nyuzi nyembamba zilizo upande wa pili huzimwa na mkono wa kushoto: kidole cha shahada kisisimame wima kama kwenye gitaa, kilale kidogo ili nyama yake iguse uzi ulio chini yake bila kuubonyeza. Mwanzoni utazima hata noti unayoitaka. Ni kawaida, na huisha.

Halafu kuna urefu wa noti. Mpiga gitaa hufikiri noti inapoanzia, mpiga besi hulipwa kwa inapoishia. Chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika: kila pigo ni nusu sekunde, na robo ya pigo ni sekunde 0.125. Noti ya E iliyo wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, yaani mtetemo mmoja tu huchukua karibu sekunde 0.024, na sikio linahitaji mitetemo kadhaa kabla halijaitambua noti. Noti ya chini haina haraka, kwa hiyo ukichelewa kidogo kuipiga, kuchelewa kunajumlishwa na uzito wake, na wimbo mzima unaonekana unaburuta miguu. Hakuna atakayenyoosha kidole kwa mpiga besi. Watasema tu "leo bendi haikuwa na moto."

Pigo la besi na la dramu ya mguu yanapaswa kuangukia pamoja, yasikike kama chombo kimoja chenye noti. Mkipishana kidogo tu, msikilizaji anasikia mateke mawili dhaifu badala ya moja zito. Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni hili: mpiga dramu acheze mtindo mmoja rahisi, wewe piga noti moja tu kwenye pigo la kwanza. Kwanza iache ilie hadi snea, ile dramu yenye mlio mkali, ya pigo la pili iishe. Kisha irudie, lakini uizime hasa snea inapopigwa. Noti ni ileile, mahali ni palepale, na wimbo unabadilika: wa kwanza unalala, wa pili unatembea. Mpiga gitaa anayesikia tofauti hiyo amevuka nusu ya mto.

Kuna pia jambo la kodi, ambalo wengi hawalitarajii kwa sababu wanadhani huko ndiko nyumbani kwao. Gitaa na kinanda wakipiga C, E na G, ni C. Mpiga besi akitia A chini yao, wote wamegeuka A ndogo yenye noti ya saba, na hakuna aliyesogeza kidole. Akitia E, ni C ileile, ila imeinamishwa na haijatulia, inataka kwenda mahali. Yaani mwenye nyuzi nne anaweza kubadilisha wanachopiga wenye sita bila kuwaomba ruhusa. Mpiga gitaa asiyelijua hili hugusa E au B kwa pambo tu katikati ya kodi, na mwimbaji anapotea bila kujua kilichompoteza.

Umbo la kodi nalo halihamishiki. Ile C ya freti ya 3 kwenye uzi wa A na E ya freti ya 2 kwenye uzi wa D, ambayo kwenye gitaa ni tamu, kwenye besi zikipigwa pamoja ni tope, kwa sababu noti mbili zilizokaribiana huko chini hugongana. Ukitaka zilie pamoja, zitenganishe: C ya freti ya 8 kwenye uzi wa E, na E ya freti ya 9 kwenye uzi wa G. Hapo zinapumua.

Na mapambo! Kila baada ya vipimo vinne vya wimbo mpiga gitaa aliyekabidhiwa besi anapanda juu ya freti ya 12 kutusalimia. Wakati huohuo mpiga solo naye anajibu mwimbaji, dramu inazunguka, na chini hapana mtu. Sakafu imekwenda kucheza.

Vifaa kwa ufupi. Usichomeke besi kwenye amplifaya ya gitaa na kuipandisha sauti: noti za chini huisukuma karatasi ya spika mbele na nyuma kupita ilivyoundwa, na spika inapasuka. Kwa mazoezi ya chumbani, kwa sauti ndogo, haina neno. Gitaa la wati 30 linaweza kuitosha bendi, besi kwa bendi hiyohiyo mara nyingi hutaka wati 200 au zaidi.

Kwa anayetaka kuhama kweli, metronomu, kile chombo cha kuhesabu mapigo, ni mwalimu mkali na hana upendeleo. Wimbo ukiwa wa mapigo 80, iweke kwenye 40 na uyahesabu milio yake kuwa pigo la pili na la nne. La kwanza na la tatu ulibebe mwenyewe. Piga noti moja kwa dakika tano. Jirekodi kwa simu, lakini usikilize kwa hedifoni, kwa kuwa spika ya simu haitoi noti za chini na itakudanganya kwamba umepiga safi.

Na kwa bendi zinazotafuta mtu: msimjaribu kwa wimbo mgumu. Mpeni noti mbili, mpiga dramu, na dakika tatu bila pambo lolote. Kisha muulizeni mpiga dramu, msimuulize mpiga solo.

Ni mimi msomaji wako,
Mpiga besi