Risala ya kikundi chetu cha madereva wa utalii Arusha kwa mgeni rasmi, Kapteni wa ndege

Ndugu mgeni rasmi Kapteni wetu, mwenyekiti, meza kuu yote, wake zetu na waume zetu mliokubali kukaa kwenye viti vya plastiki hapa Sakina tangu saa nane mchana, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Kapteni kwanza asante kwa kuja dada yetu, tunajua kukupata wewe ni mpaka masika, maana kuanzia Juni mpaka Oktoba asubuhi upo Seronera, mchana Kogatende, huko viwanja vya Serengeti, jioni ndo unarudi uwanja wetu wa Kisongo na macho mekundu ya vumbi. Kuna wanachama humu waliuliza kwanini kikundi cha madereva kimuite rubani, si tungemuita mheshimiwa mbunge au mtu wa benki aje na mikopo ya magari. Swali la haki kabisa na tutalijibu, ila mtuvumilie risala ni ndefu kidogo.

Kikundi chetu kilianzia parking ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, watu tunasubiri wageni ndege imechelewa, tukaanza kuchangiana misiba, baadae ikawa vikoba, sasa hivi tuna wanachama wa Arusha, Karatu na wachache wa Moshi ambao kila kikao wanalalamika nauli. Mafanikio yapo, mfuko wa maafa unatembea na kila mwanachama amepita mafunzo ya huduma ya kwanza, vyeti utavitoa wewe leo. Changamoto mnazijua, spea, mikopo, na mabosi wanaolipa mgeni akisharudi kwao na kuandika rivyuu nzuri. Hayo yana siku yake.

Tulichokuitia ni ile kanuni yenu ya kunyamaza kwenye kokpiti, chumba cha rubani. Na tuliijua kwa ugomvi. Mwenzetu mmoja, yupo mstari wa pili hapo anajificha nyuma ya chupa ya soda, alipeleka wageni Seronera, mabegi yakapakiwa, wageni wakafunga mikanda kwenye Caravan yako, kile kindege kidogo, yeye akasogea mpaka dirishani akusalimie maana mnafahamiana toka zamani. Wewe ulikuwa na ile karatasi ngumu ya cheklisti, orodha ya kukagua kabla ya kuruka, kidole kinashuka mstari kwa mstari, ukainua kiganja kama kumwambia subiri na hata kichwa hukugeuza. Ukashuka mpaka mwisho wa karatasi, ndo ukageuka unatabasamu, habari za nyumbani kaka, watoto hawajambo? Mwenzako ashanuna. Akaja kwenye grupu akaandika yule dada siku hizi anajisikia, basi ikawa mada wiki nzima, watu wanagawanyika, mpaka taarifa zikakufikia ukatuma voisi ndefu ukauliza swali moja tu, nikikujibu salamu katikati ya orodha alafu nikarudi, narudi mstari gani? Ndo maana ukikatizwa unaanza upya kutoka juu.

Tangu hiyo voisi watu wakaanza kusoma wenyewe, na tulichokikuta kilitunyamazisha. Septemba 11, 1974 ndege ya Eastern Air Lines aina ya DC-9 ilikuwa inashuka kutua Charlotte kule Marekani, asubuhi, ukungu upo. Kinasa sauti kilipokuja kusikilizwa, marubani walikuwa wanapiga stori wakati wa kushuka, siasa kidogo, alafu magari ya mtumba. Ndege ikawa chini kuliko kimo ilichotakiwa kuwa nacho, wao hawana habari, ikagonga ardhi kabla ya kufika uwanjani. Walikuwa ndani watu 82 na waliokufa ni zaidi ya 70. Magari ya mtumba jamani! Ukumbi huu ukiuacha dakika chache bila ajenda stori ni hiyohiyo, Land Cruiser ya nani inauzwa, injini ni 1HZ au wamebadilisha, bei ina mazungumzo au haina.

Mwaka 1981 mamlaka ya anga ya Marekani ikaweka sheria, na mashirika mengi duniani yanaifuata kwa namna moja au nyingine, kwamba ndege ikiwa inatembea ardhini, inaruka, inatua, na safari yote iliyo chini ya futi 10,000 isipokuwa ikishatulia kwenye mwendo wake wa safari, marubani hawaongei wala hawafanyi kitu kisichohusu kuendesha hiyo ndege kwa usalama. Hamna stori, hamna kula, hamna kusoma gazeti. Lakini sisi tulipopigia mstari ni sehemu ambayo watu wengi hawaigusi, kwamba sheria imetaja mpaka simu za kampuni. Yaani kampuni inayomlipa mshahara haitakiwi kumfanya kipindi hicho apige simu kuagiza chakula cha abiria au kuthibitisha abiria wa kuunganisha ndege. Kwaiyo ile kanuni sio ya kumziba rubani mdomo tu kama tulivyodhani, inamkinga na kila mtu anaemtaka kitu, kuanzia anaemsalimia mpaka bosi wake. Hilo ndo neno letu la leo Kapteni, mengine yote tutakayosema yanatoka hapo.

Maana watu watasema hao ni Wamarekani na mambo ya zamani. Haya, tarehe 18 Desemba 2013 nani hakuwepo Arusha? Boeing 767 ya Ethiopian iliyokuwa inaenda KIA ilitua hapa Kisongo, kiwanja ambacho kipindi hicho njia yake ya kurukia ilikuwa fupi, mita 1,600 na kitu, sisi tumezoea kuona Caravan na ATR pale. Viwanja vyote viwili njia zimelala mashariki magharibi, na kati yao ni mwendo wa kama kilomita 50 kwa barabara. Hakuumia mtu, Mungu mkubwa, ila dude lile likaishia na matairi kwenye majani, na mji mzima ukaenda kupiga picha. Kuna wenzetu walikuwa KIA wameshika vibao vya majina, wageni wao wapo Kisongo wanaangalia nyasi. Tulicheka sana mwaka ule, kiukweli, leo tukikaa na hesabu ya mita tunaona hakikuwa kitu cha kuchekesha.

Alafu kuna hili la uzoefu, na hapa mwenyekiti utanisamehe maana linakugusa na wewe. Madereva wakongwe wakiambiwa cheklisti wanasema mimi njia hii nimeipita toka kabla ya lami, karatasi ya nini. Karatasi yenyewe imeanzia kwa wakongwe! Oktoba 30, 1935 Boeing walikuwa wanaonyesha ndege yao mpya kwa jeshi la Marekani kule Ohio, kwenye usukani marubani ambao sio wa kubahatisha, ikaruka, ikapoteza nguvu ya kuelea hewani, ikaanguka. Kufuli ya kuzuia mabawa ya usukani yasichezeshwe na upepo ikiwa imepaki, ilikuwa haijafunguliwa. Marubani wa jeshi ndo wakaanza kutumia orodha ya kusoma kabla ya kuruka, kwasababu hakuna kichwa cha kubeba vyote hivyo kila siku bila kusahau kimoja. Caravan yako nayo ina pini ya kufungia usukani, tumeshakuona unaichomoa na kuiweka mahali palepale kila siku.

Na mdogo asikilizwe. Machi 27, 1977 Tenerife, ukungu tena, Boeing 747 mbili kwenye njia moja ya kurukia, ya KLM na ya Pan Am, watu 583 wakapotea na mpaka leo hamna ajali ya ndege iliyoua wengi kama ile ukiacha mashambulizi. Kapteni wa KLM alikuwa ndo mkuu wa mafunzo ya 747 kwenye shirika lao, alianza kuondoka bila ruhusa ya mnara, na injinia aliyekaa nyuma yake akauliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Akajibiwa imetoka. Akanyamaza, maana unabishana vipi na mwalimu wa walimu? Miaka iliyofuata ndo mafunzo ya marubani yakabadilika, mdogo akafundishwa namna ya kusema na mkubwa namna ya kusikia. Sisi kwenye gari tuna mpishi au kijana wa field amekaa pembeni, anaona tairi la nyuma linapungua upepo anaogopa kusema bosi asije akamwona ana kiherehere.

La kiti cha mbele nitalipitisha haraka. Wageni wanapenda kukaa pembeni yako kwenye Caravan na mara nyingi nafasi inaruhusu, ila kuna madereva wanawaahidi toka lodge kwamba rubani ni rafiki yangu atakuachia ushike kidogo. Wanakikundi acheni hiyo. Machi 1994 Airbus ya Aeroflot ikitoka Moscow kwenda Hong Kong ilianguka Siberia na watu wote 75, kapteni alikuwa amewakalisha watoto wake kwenye kiti chake, kijana wake akaukaza usukani mpaka sehemu ya autopailoti, mtambo unaoendesha ndege yenyewe, ikajitoa kimyakimya na hamna aliyegundua kwa wakati.

Sasa Kapteni, tulichofanya sisi. Kikao kilipitisha kwamba kuna vipande viwili vya barabara dereva wa kikundi hiki haongei na mtu, kutoka geti la Loduare kule Ngorongoro kupanda mpaka ukingoni mwa kreta wakati wa ukungu, na kutoka Seneto kushuka mpaka sakafu ya kreta. Wageni tunawaambia mapema tukiwa bado tumesimama, kuanzia hapa maswali yote yanasubiri hata ukiona kifaru, redio kolo sauti inashushwa hata wenzako wakitangaza simba yupo juu ya mti, na simu ya ofisi haipokelewi. Wageni hawana shida kabisa, tena wanakaa kwa adabu. Shida ni ofisini. Kuna kampuni, jina tunaliacha, ilimkata mwenzetu posho kwasababu alipigiwa akiwa katikati ya mteremko hakupokea, bosi alitaka kujua wageni watakula lunch box au watarudi lodge. Yaani lunch box.

Ndo tunafika kwenye maombi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kikundi hiki risala haiombi bahasha, ingawa mhazini amesema ikija haitarudishwa. Tunaomba kabla msimu haujaanza ukae na wamiliki wa kampuni, hata saa moja tu, uwaeleze kwamba kwenye kazi yako kuna muda bosi hapigi simu na biashara inaendelea. Sisi tukisema wanaona tunatafuta uvivu, wewe una mistari minne begani watakusikiliza. Tunaomba pia sampuli ya cheklisti yenu ya asubuhi, tuitoe vya ndege tuweke breki, matairi, mafuta, redio, mtungi wa zimamoto na boksi la dawa, kijana wetu mmoja atatuchapia kwenye karatasi ngumu ya kutundika kwenye kioo.

Siku ukungu ukikataa ndege isiruke, tunaomba neno la kuchelewa litoke kwako au kwa mtu wa uwanjani lije kwa dereva moja kwa moja. Tukisubiri lizunguke ofisini, mgeni anakuwa ameshatupigia kelele na ofisi inaanza kukupigia wewe kwamba kuna VIP. Na sisi kwa upande wetu mabegi tutayapima lodge, kilo 15, begi laini, hatutakuletea masanduku ya magurudumu ukutane nayo mlangoni pa ndege ukaanza kugombana na mtu badala ya kusoma karatasi yako.

Vyeti vipo mezani kushoto kwako vimepangwa kwa alfabeti, cha mwenye soda kipo cha pili kutoka juu, ameomba akipokea umsalimie kwanza yeye.

Karibu sana Kapteni.

Imesomwa na katibu kwa niaba ya wanakikundi wote.