Neno "kent" lina wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wa safu ya lugha. Wiki iliyopita alidai kwamba "kent", yaani mji, iliyomo katika jina Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, ni neno asilia la Kituruki kwa kuwa Waturuki (jamii yote ya watu hao wa Asia ya Kati, si wa Uturuki pekee) wamelitumia tangu zamani. Safu hiyo mimi huwasomea wajukuu wangu kila Jumapili, ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza.

Dai lenyewe si jipya. Mahmud al-Kashgari, mwanachuoni wa Kituruki aliyeandika kamusi yake kubwa kule Baghdad miaka ya 1070, alishika hoja hiyo hiyo: nchi yote ng'ambo ya mto Amu Darya, huko Asia ya Kati, ni ya Waturuki, kwani majina ya miji yake huishia na "kend". Hata Samarkand, mji mwingine wa Uzbekistan, aliuita Semizkend, yaani mji ulionona. Namheshimu mno mzee huyu, na kamusi yake ni hazina, lakini hapa aliteleza. Jeshi la Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia, lilipoingia mji huo mwaka 329 KK, Wayunani waliuita Marakanda. "Kanda" ilikwishakuwamo, zaidi ya miaka 800 kabla Waturuki hawajaunda dola yao ya kwanza mwaka 552. Wenye mji walikuwa Wasogdi, wafanyabiashara hodari waliosema lugha ya jamii ya Kiirani, na kwao "kanth" ni mji.

Wala Waturuki wenyewe hawakuona haya kuazima. Jiwe la kumbukumbu la dola hiyo, lililopatikana Bugut nchini Mongolia, pande zake tatu zimeandikwa Kisogdi. Kashgari naye anasema watu wa Balasaghun, mji wa kale katika Kirgizstan ya leo, walizungumza Kisogdi na Kituruki pia. Watu wanaonunua kwa lugha moja na kubembeleza watoto kwa nyingine hawaulizani neno hili ni la nani. Baadaye deni likalipwa: Mwajemi wa leo, ambaye lugha yake ni ya jamii hiyo hiyo ya Kiirani, akitaja chumba (otaq), mkasi (qeychi) au sahani (boshqab), anatumia maneno ya Kituruki.

Kinachotuonyesha njia ya neno ni tarehe na umbo lake. Chukua pamba. Kiajemi cha kati, yaani cha kabla ya Kiajemi cha leo, kilisema "pambag", kisha ile g ya mwisho ikaanguka. Waturuki wanasema "pamuk": mwisho wa neno bado wanao, kwa hiyo walilipata kutoka umbo la kale. Sisi wa pwani lilitufikia likiwa limeshakatika, tukasema pamba. Konsonanti moja tu, Mhariri, na inatuambia nani alitangulia kupokea!

Namwomba mwandishi arudi kwenye "kent" katika safu yake, na safari hii aanzie Marakanda.

Mwalimu mstaafu,
Tanga