Picha na sanamu za Warumi hazikuwa mapambo matupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nitoe maoni yangu kuhusu makala mliyoichapisha hivi karibuni juu ya sanaa ya Roma ya kale. Nimeisoma mara mbili, na ninampongeza mwandishi kwa kuligusa jambo ambalo magazeti yetu huligusa kwa nadra. Hata hivyo, nilipofika pale aliposema kwamba michoro ya ukutani, mozaiki (picha zilizoundwa kwa vijiwe vidogo) na sanamu hizo zilikuwa mapambo ya matajiri tu, tena nyingi zikiwa nakala za kazi za Wagiriki, nilisita. Kwamba waliozigharimia walikuwa na fedha, sikatai. Ninachokataa ni hilo neno "tu". Kila kazi ilikuwa kauli iliyoelekezwa kwa mtu aliyesimama, au aliyejilaza akila kama ilivyokuwa desturi yao, mahali maalumu, na asiyeuliza kitu kiliwekwa wapi atakiona kizuri bila kuelewa kilichosemwa.

Nianze na nyumba moja. Kaskazini mwa jiji la Roma, mahali panapoitwa Prima Porta, palikuwa na nyumba ya shamba ya Livia, mke wa Kaisari Augustus. Mwaka 1863 wachimbaji walikuta huko chumba kilichojengwa nusu chini ya ardhi, na katika magofu hayo hayo wakakuta sanamu ya marumaru ya Augustus yenye kimo cha zaidi ya mita 2. Chumba hakikuwa na dirisha la kutazamia nje, lakini kuta zake zote nne zilichorwa bustani moja isiyokatika: mbele uzio mfupi wa fito zilizosukwa, nyuma yake ukuta mfupi wa mawe, kisha mikomamanga, misonobari, mawaridi na ndege chungu nzima. Juu ya ukuta ule mfupi kuna tundu lenye ndege ndani yake, ilhali wenzake wako huru matawini. Anayejua miti ataona la ajabu zaidi, kwamba maua ya majira ya kuchipua na matunda ya majira ya vuli yamo yote kwa wakati mmoja. Mchoraji aliyeweza kutofautisha jani la mti huu na la ule hakuchanganya majira kwa kutojua. Roma ilikuwa imetoka tu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na utawala wa Augustus ulijinadi kuwa umeleta enzi ya amani na neema. Mgeni aliyejilaza kula katika ubaridi wa chumba kile alizungukwa na neema hiyo pande zote. Wakati huo huo milaureli iliyochorwa humo ilimkumbusha hadithi ya nyumba yenyewe. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba tai alimdondoshea Livia mapajani kuku mweupe aliyeshika tawi la mlaureli mdomoni, kwamba tawi hilo lilipandwa, na kwamba katika kichaka kilichotokana nalo ndimo makaisari walimokata matawi ya kusherehekea ushindi.

Sanamu nayo isomwe vivyo hivyo. Kaisari amenyoosha mkono kama anayehutubia jeshi na amevaa deraya, lakini miguu yake haina viatu. Hakuna jemadari aendaye vitani hivyo. Wanaochongwa miguu mitupu ni miungu na mashujaa wa hekaya. Kando ya mguu wake wa kulia yupo Cupid, mtoto wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, amempanda pomboo, na kwa kuwa ukoo wa Julius, ukoo wa Augustus, ulidai kwamba chimbuko lake ni Venus kupitia mwanawe Aeneas, shujaa wa hekaya, mtoto yule ni cheti cha nasaba. Katikati ya kifua Mparthi, mtu wa dola hasimu ya mashariki, anarudisha bendera ya jeshi, mojawapo ya zile ambazo Warumi walipokonywa waliposhindwa vitani huko Carrhae mwaka 53 KK na zikarejeshwa mwaka 20 KK kwa mazungumzo, bila vita. Uso ni wa kijana. Augustus alifariki mwaka 14 BK akiwa na umri wa karibu miaka 76, na katika sanamu zake hakuzeeka kamwe. Linganisha na vichwa vya wazee vilivyochongwa zama za Jamhuri, kabla ya makaisari, vyenye makunyanzi, mashavu yaliyobonyea na ngozi ya shingo iliyolegea. Wale waliomba heshima ya umri na utumishi. Huyu hakutaka kuhesabiwa miaka. Makala yenu ilisifu weupe wa marumaru yake, lakini weupe huo umeletwa na karne nyingi za kuchujuka. Mabaki ya rangi yalionekana juu ya sanamu hii tangu ilipofukuliwa, na uchunguzi wa kisasa umeonyesha kwamba sanamu nyingi za kale zilipakwa rangi kali, kuanzia nywele hadi pindo za mavazi.

Ufundi wa michoro ya ukutani nao unapinga wazo la pambo la kubahatisha. Ukuta ulipigwa lipu tabaka kwa tabaka, na Vitruvius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya ujenzi, anashauri tabaka tatu za chokaa na mchanga, kisha tatu za chokaa na unga wa marumaru. Rangi ilipakwa tabaka la mwisho likiwa bado bichi, kwa sababu chokaa inapokauka hunyonya hewa ya kaboni na kugeuka kuwa jiwe, ikizifunga rangi ndani yake. Fundi alikuwa na saa chache tu, na hakuwa na nafasi ya kubuni ujumbe huku lipu ikimkaukia. Hata rangi yenyewe ilizungumza. Nyekundu ya sinaba, madini yenye zebaki yaliyochimbwa Uhispania, ilikuwa ghali kiasi kwamba bei yake iliwekewa kikomo kwa sheria. Karani mmoja aitwaye Faberius aliipaka nyumbani kwake kwenye kilima cha Aventino, mahali panapopigwa na jua, na kwa mujibu wa Vitruvius baada ya siku 30 ukuta ulikuwa umeharibika sura. Alitaka wageni wauone utajiri wake, wakauona ushamba wake.

Kuhusu mozaiki, mfano ninaoupenda kuliko yote umetoka Smirat nchini Tunisia, nao ni wa karne ya 3 BK. Unaonyesha wawindaji wanne wa kikundi cha Telegenii wakiwaua chui wanne katika maonyesho ya hadhara, na kila chui ameandikiwa jina lake: Victor, Crispinus, Romanus, Luxurius. Katikati anasimama kijana amebeba sinia lenye mifuko minne, na kila mfuko una alama ya 1,000. Pembeni yake, kwa vijiwe, yameandikwa maneno. Kwanza mpiga mbiu anaomba wawindaji walipwe dinari 500 kwa kila chui. Kisha zinafuata kelele za umati zikimsifu Magerius, aliyegharimia siku ile, na ukiitazama tena mifuko unagundua kwamba amelipa mara mbili ya alichoombwa. Umati unamaliza kwa kupaza sauti kwamba huku ndiko kuwa na mali, huku ndiko kuweza. Jina la Magerius limeandikwa mara mbili. Hiyo ni stakabadhi ya mawe, iliyotandazwa sakafuni ili kila atakayeingia asome nani alilipa, kiasi gani, na mbele ya mashahidi gani. Nakiri kwamba kila niitazamapo picha yake hucheka kidogo, maana tabia hiyo haijafa.

Si zote zilijisifu. Huko Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK, uso wa meza ya kulia chakula ulipambwa kwa mozaiki ya fuvu la kichwa linaloning'inia kwenye kipimio cha fundi chenye timazi. Upande mmoja umetundikwa vazi la zambarau na fimbo ya enzi, upande wa pili fimbo na mkoba wa ombaomba, na kipimio kiko sawa kabisa. Chini ya fuvu yupo kipepeo, alama ya roho, juu ya gurudumu la bahati. Mtu alikula na kunywa akilitazama hilo.

Naongeza tahadhari moja, nisije nikaonekana kudai kwamba kila picha ina jibu lake. Katika nyumba iitwayo Villa dei Misteri, nje kidogo ya Pompeii, wanawake, vijakazi na wafuasi wa Dionysus, mungu wa mvinyo, wamechorwa juu ya ukuta mwekundu kwa ukubwa unaokaribia wa binadamu. Tangu picha hizo zilipofukuliwa mwaka 1909, wengine wamezisoma kuwa ibada ya kuingizwa katika siri za mungu huyo, wengine kuwa maandalizi ya bibi harusi, na hoja za pande zote mbili zina uzito. Lakini ubishi wenyewe ni juu ya kilichosemwa, wala sijaona mtaalamu aliyeutatua kwa kudai kwamba ukuta ule haukusema kitu.

Warumi wenyewe walijua uzito wa picha. Jumba la makumbusho la Berlin nchini Ujerumani lina ubao wa duara kutoka Misri, uliochorwa yapata mwaka 200 BK, wenye sura za Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, mkewe na wana wao wawili. Sura ya mwana mmoja imefutwa. Mwaka 211 mmoja wa wana hao, Caracalla, alimuua nduguye Geta, na amri ikatoka kwamba kumbukumbu ya Geta ifutwe kila mahali. Hakuna atoaye amri ya kukwangua pambo.

Mwisho, nina ombi kuhusu picha mliyoiweka juu ya makala ile, ambayo inamwonyesha Alexander Mkuu peke yake juu ya farasi. Imekatwa kutoka katika mozaiki yenye upana unaokaribia mita 6, iliyokuwa sakafu katika Nyumba ya Fauno huko Pompeii na ambayo sasa ni mali ya jumba la makumbusho la Naples. Yaelekea ilinakiliwa kutoka katika mchoro wa Kigiriki, hapo nakubaliana na mwandishi. Lakini katika mozaiki nzima Alexander yuko ukingoni. Aliye juu kuliko wote ni adui yake, Mfalme Darius wa Tatu wa Uajemi, gari lake limekwisha kugeuzwa kukimbia, naye amenyoosha mkono kumwelekea mtu wake aliyechomwa mkuki. Chini ya gari hilo Mwajemi anayeanguka anaiona sura yake mwenyewe ndani ya ngao inayong'aa. Tafadhali ichapisheni yote, na chini yake muandike kwamba ilikuwa ikikanyagwa.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi