Chunguzeni shule ya urubani kabla ya kulipa karo

Mhariri,

Nilimlipia binti yangu karo yote ya urubani kwa mkupuo, kisha akakaa miezi minne akingoja ndege ya mafunzo itoke karakana. Iliniuma sana.

Wazazi wenzangu, shule iwe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Zaidi ya hapo, nendeni wenyewe mkahesabu ndege zinazoruka siku hiyo, si zilizo kwenye picha. Leseni ya rubani binafsi hudai angalau saa 40 angani. Ulizeni pia kuhusu foleni: uwanja wa Wilson una shughuli nyingi, na mwanafunzi akingoja zamu ya kupaa injini inanguruma, mita inahesabu pesa zenu.

Mzazi,
Nairobi